Kifaru cha Kaka Yetu



Wale mliowahi kufika kwetu kupimwa nguo mnalijua kabati letu la kioo. Juu zipo shela, katikati mataji na mikoba ya maharusi, na pembeni, juu ya kitambaa cheupe, kimekaa kifaru. Si mnyama. Ni kifaru cha vita, cha plastiki, hakifiki shubiri moja, kina mzinga na minyororo yake, na kimejaa matope mpaka ubavuni. Karibu kila anayekuja kupima gauni huuliza: "Hiki nacho kinafanya nini hapa?" Huwa tunajibu kwa mkato, "Cha kaka yetu," kisha tunarudi kwenye tepu yetu. Leo tunajibu kwa urefu. Kaka mwenyewe ametupa ruhusa, na yote tuliyoyaandika ameyasoma kabla yenu.

Sisi ni dada wawili tunaoshona. Mkubwa wetu alimaliza skuli, akasoma kozi ya ushoni, akaanza na cherehani moja ukumbini kwa mama. Mdogo akapita njia ile ile. Baina yetu yuko kaka, mwanamume peke yake katika watoto wa mama. Baba alifariki zamani, Mwenyezi Mungu amrehemu, na babu mzaa baba alitangulia kabla yake.

Kaka alitumia unga miaka sita. Tunaliandika neno kama lilivyo, kwa sababu visiwani kwetu hakuna mtaa usiolijua, ila kila nyumba inalisema kwa kunong'ona. Mwaka juzi aliingia soba hausi, akakaa miezi minne, akatoka. Waliokuwa wakimwangalia kule walitueleza jambo ambalo tumeliona kwa macho yetu: mchana si kazi, kazi ni baina ya Magharibi na usingizi. Mchana kaka alikuwa akitupelekea nguo kwa wateja na kutununulia uzi na zipu Darajani. Usiku ukiingia hakuwa na pa kuiweka mikono yake. Anakaa sebuleni anasugua viganja kwenye magoti, anasimama, anakwenda mlangoni, anarudi. Na sisi tunashona huku tunausikiliza mlango.

Siku hizo shangazi yetu anayeishi Maskati alikuja kututembelea, akamletea zawadi mtoto wa mkubwa wetu, ambaye ana miaka minane. Ilikuwa boksi la seti ya kifaru cha kuunga mwenyewe. Mtoto alilifungua, akaona fremu za plastiki zimeshika vipande zaidi ya mia, vingine vidogo kuliko shanga, akalifunga, akarudi kwenye mpira wake. Kaka akalifungua tena. Usiku ule hakugusa kipande hata kimoja. Alikaa anasoma karatasi ya maelekezo, ukurasa kwa ukurasa, mpaka tukazima taa. Asubuhi akatuuliza kama tuna wembe mpya na msasa laini.

Kwa wasioijua kazi hii, tueleze kidogo. Seti kama hii ni mfano mdogo wa kitu cha kweli, umepunguzwa kwa kipimo. Wa kwetu ni 1/35, maana yake kila sentimita 35 za kifaru halisi zimekuwa sentimita moja. Kifaru chenyewe kinaitwa Sherman, cha Marekani, cha wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na vilitengenezwa karibu 50,000. Cha kweli kilikuwa na uzito wa tani 30 hivi na urefu wa karibu mita sita, na ndani walikaa watu watano. Cha kwetu kina sentimita 17 na unakibeba kwa mkono mmoja.

Waliotengeneza seti hii ni Tamiya, kiwanda cha mji wa Shizuoka, Japani. Kilianza mwaka 1946 kama biashara ya mbao, kikaingia kwenye mifano ya mbao, kisha kwenye plastiki. Kaka alituhadithia habari ya hicho kipimo cha 1/35, nasi tukaipenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walitoa kifaru chao cha kwanza, Panther ya Kijerumani, chenye mota ndani yake. Ukubwa wake waliupanga ili betri zipate pa kukaa, basi. Ulipopigiwa hesabu ukaonekana ni kama 1/35, na viwanda vingine ulimwenguni vikaufuata. Sisi mafundi tulicheka, maana tunazo patani dukani ambazo wateja wanazisifu, na chanzo chake ni kwamba siku ile kitambaa kilikuwa hakitoshi.

Jambo la kwanza lililotusimamisha ni gundi.

Vipande vya kifaru haviungwi kwa gundi ya karatasi. Gundi yake ni maji mepesi yanayoyeyusha plastiki. Unaweka vipande viwili pamoja, unagusisha brashi kwenye mstari, gundi inakimbia yenyewe ndani ya ufa, plastiki ya huku na ya kule inayeyuka na kushikana kama iliyochomelewa. Ikishakauka huwezi kufumua. Na harufu yake ni ile ile ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Kina dada wenye ndugu waliopita njia hii mmeshaelewa tunakokwenda. Chupa kama ile, ndani ya nyumba, mbele ya mtu aliyetoka soba hausi mwezi jana, si jambo la kufumbia macho.

Aliyelisema ni yeye mwenyewe. Aliiweka chupa juu ya meza ya kukatia, akasema, "Dada, hii ikae kwenu. Mimi nitakata na kusugua, nyinyi mtaunga." Ndivyo tulivyogawana kazi. Chupa ililala kwenye droo moja na mikasi yetu mizuri, droo yenye ufunguo. Baadaye shangazi alitutumia gundi nyengine inayotokana na mafuta ya maganda ya michungwa. Hiyo hukauka polepole na harufu yake ni ya machungwa, lakini nayo tuliifungulia dirisha, na nayo ililala kwenye droo. Rangi tulichagua za maji tupu, zinazosafishwa brashi kwa maji ya bomba. Thina haikuingia nyumbani kwetu.

Kila baada ya Isha, cherehani zikinyamaza, tulikuwa watatu mezani.

Ukitazama vizuri, kuunga kifaru na kushona gauni ni kazi mbili za ukoo mmoja. Vipande vimelala kwenye fremu kama patani zilivyolala kwenye kitambaa, kila kimoja na namba yake. Hukati kipande kukiambaa. Unakata mbali kidogo, unaacha nafasi, kisha unasawazisha kwa wembe na msasa. Kabla ya kuunga unajaribisha pakavu, kama tunavyopiga bandi gauni kabla ya cherehani. Na kila kipande kina mstari mwembamba pale pande mbili za kalibu zilipokutana. Usipouondoa, rangi itautangaza, kama pindo lisilopigwa pasi.

Sherman ina magurudumu 12 chini, sita kila upande, yamekaa mawili mawili. Maelekezo yanaanzia huko, na huko ndiko wengi wanakochoka. Kila gurudumu linataka kusuguliwa mzunguko mzima. Mikono ya kaka ilikuwa ikitetemeka. Gurudumu la kwanza lilimchukua karibu nusu saa, na likamponyoka mara tatu chini ya cherehani, sote tukawa magotini na taa ya simu tunalitafuta kama pini. La kumi na mbili lilimchukua dakika saba. Hatukumpigia makofi wala hatukusema "umepona". Mkubwa wetu alisema tu, "Sasa la nyuma," akampa kipande kingine.

Mama hakufurahi. Siku alipoona kitu kile kimeanza kupata umbo la mzinga alisimama mlangoni, akasema, "Mwanangu, duniani mna meli, mna majahazi, mna majumba. Ukaona uunge chombo cha kuulia watu ndani ya nyumba yangu?" Ni neno la haki, na hatukulipuuza. Kaka naye hakubishana. Alisema, "Mama, ndicho kilichokuja." Kisha akamuuliza: "Babu alipokuwa Bama, aliviona hivi?"

Baba yake mama alikuwa mtu wa Tabora, alikuwa Keya, na alikwenda vita vya Bama kabla ya kuhamia Unguja. Sisi tulijua hilo tu. Mama alikaa. Akasema mzee hakuwa msemaji wa vita. Alichokuwa akikisema ni matope. Kwamba mvua ya kule hainyeshi, inamwagwa. Kwamba walitembea, wakavuta, wakasukuma, na viatu vikabaki ardhini miguu ikatoka mitupu. Na kwamba kuna wenzake aliokuwa akiwaombea kwa majina kila Ijumaa mpaka anakufa.

Usiku ule kaka alisoma kwenye simu akatusomea na sisi. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944, katikati ya mvua, ikafika mto Chindwin. Ndani yake walikuwamo vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Na Sherman zilikuwako Bama, pamoja na majeshi ya Uingereza na India. Hatukupata pa kusema babu alisimama karibu na moja, na hatutasema. Lakini tangu siku ile mama aliacha kukiita "hicho chako". Alisema jambo moja: "Kama mnakiunga, msikifanye kipya kinang'aa. Vita si maonyesho. Kitieni matope."

Ndani ya boksi kulikuwa pia na mtu mdogo, kichwa na kifua, wa kuchungulia juu ya kifuniko. Hapo tukasita kwa sababu nyengine. Tunajua wanazuoni wana maneno marefu juu ya sanamu za viumbe wenye roho, na tunajua kuwa Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa na wanasesere wake alipokuwa mdogo. Tunajua pia kisa cha yule mtu aliyemwendea Ibn Abbas, kazi yake ikiwa kutengeneza sura. Ibn Abbas alimweleza makatazo yake, kisha akamwambia kama hana budi basi afanye miti na vitu visivyo na roho. Sisi si wa kutoa fatwa, sisi ni mafundi cherehani. Tulichagua lililo jepesi kwa nyoyo zetu: yule mtu alibaki kwenye fremu yake, kifuniko tukakifunga. Chuma hakina roho.

Kupaka rangi kulikuja wakati wa masika, na masika na rangi hawapatani. Tabaka moja nyembamba ya kijani cha jeshi, unasubiri mpaka kesho. Tabaka ya pili, unasubiri. Ukiharakisha, brashi inavuta ile ya chini. Hapo tulijifunza neno "kuchosha": baada ya rangi, kifaru kinachoshwa, yaani kinatiwa uzee. Kahawia iliyozimuliwa kwa maji mengi inapitishwa kwenye mistari na pembe, inakaa mle ndani kama vumbi la miaka. Kisha brashi iliyokaushwa karibu yote, yenye rangi iliyopauka, inapapaswa juu ya kingo ili zionekane. Kipande cha sponji ya vyombo, kikichovywa kidogo kwenye rangi ya chuma, kinaacha mikwaruzo pale ambapo buti za watu zingepanda na kushuka.

Kaka alitufundisha na sababu zake. Kiwiliwili cha Sherman yetu ni mabamba yaliyochomelewa, kwa hiyo mishono yake ionekane. Lakini kile kichwa kinachozunguka na mzinga kilimiminwa kwenye kalibu, kama sufuria inavyomiminwa, kwa hiyo uso wake si laini, una vinundu. Plastiki imetoka laini kupita kiasi. Akaipaka rangi nzito na kuigotagota kwa brashi ngumu kabla haijakauka, mpaka ikawa na ngozi kama ya chungwa. Mtu aliyekuwa hawezi kukaa dakika kumi sasa anabishana nasi kuhusu ngozi ya chuma.

Sehemu yetu sisi ilikuwa turubai. Wanajeshi walifungasha mali zao juu ya vifaru: maturubai, malazi, mikoba. Tukasema hapa ndipo fundi wa nguo atakapoonyesha kazi. Tukakata kipande cha pamba nyepesi, tukakikunja vizuri, tukakiweka nyuma ya kifaru. Kilikaa kama godoro. Tukajaribu shifoni, ikakaa kama blanketi. Mdogo wetu akachukua kalamu akapiga hesabu: kitambaa cha robo milimita, ukikikuza mara 35, kinakuwa karibu sentimita moja. Nani amewahi kuona turubai la unene wa sentimita moja? Miaka kumi na mitano tunashika vitambaa, na hakuna hata kimoja dukani kilichokuwa chembamba cha kutosha. Kilichofaa ni tishu. Unaichana tabaka zake, unabaki na moja, unailowesha gundi nyeupe ya maji, unaikunja kwa kibano na sindano ikiwa mbichi, na inakaukia na mikunjo yake. Kamba tulizifanya kwa uzi wa kushonea shanga. Turubai lile lina mikunjo sita, na tulilifanya mara nne.

Basi kifaru kikabaki minyororo tu. Ule wa kulia tukauvisha. Wa kushoto tukauacha wa kesho.

Kesho yake kaka hakurudi.

Usiku wa kwanza tulisema kachelewa. Wa pili hatukusema kitu. Wale mlioyapitia haya hamhitaji kuhadithiwa, na wale ambao hamjayapitia Mwenyezi Mungu awaepushe. Tutasema habari ya meza tu. Jirani mmoja aliingia, akaona vile vitu vimetandazwa, akasema, "Bado mmemwekea midoli yake? Ondoeni, mnajitesa." Mama aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na kawa ile kubwa ya kufunikia chakula cha futari. Akakifunika kifaru pale pale kilipo. Akamwambia jirani, "Chakula cha mtu hufunikwa, hakimwagwi."

Siku ya tatu alirudi mwenyewe, amechafuka, kichwa chini. Hatukumwuliza pa kwenda wala pa kutoka. Alioga, akala, akasema, "Nipelekeni tena." Tukampeleka. Safari hii alikaa miezi miwili. Miezi yote miwili tulikata nguo kwenye nusu ya meza, na ile nusu nyengine ilibaki na kawa. Maharusi wawili walikuja kupimwa wakauliza mna nini chini yake. Tuliwaambia: kazi haijakwisha.

Alipotoka mara ya pili, kitu cha kwanza alichofanya ni kuinua kawa. Akauvisha mnyororo wa kushoto. Ni mkanda mmoja wa plastiki laini, unaungwa ncha kwa ncha, na ncha hizo lazima zifichwe chini ambapo jicho halifiki. Ilipofika gundi tulitazamana sisi wawili. Alikuwa ameshatulia, mkono wake umetulia. Mdogo wetu alitoa ufunguo akauweka mezani mbele yake. Kaka akausukuma ukarudi kwetu. "Bado," alisema. "Nitakuambieni mimi." Mpaka leo hajasema, na sisi hatumwulizi. Kuna watu wanaodhani uaminifu ni kumwachia mtu kila kitu. Kwa kaka tumeona uaminifu wa namna nyengine: mtu anayelijua shimo lake na kukuonyesha lilipo.

Matope alitia mama. Tulichekecha udongo wa nyuma ya nyumba kwa kipande cha shifoni, tukauchanganya na gundi nyeupe na tone la rangi ya kahawia, akaupaka kwa brashi kuu kuu kwenye magurudumu na ubavuni. Alipomaliza alisoma Fatiha, hakusema kwa nani, nasi tukaitikia amin.

Sasa tufike kwenu maharusi, maana hamkuja hapa kusoma habari za vita.

Mdogo wetu ameposwa, alhamdulillah. Na posa ilipoingia, likaja swali ambalo katika nyumba nyengine lingezungumzwa milango imefungwa: walii ni nani? Baba hayupo, babu hayupo. Anayefuata ni kaka, kisha ndio watoto wa kaka na ami. Baadhi ya jamaa walisema, kwa heshima, ami asimame tu, mambo yamalizike, kaka asionekane sana siku hiyo. Walikuwa na hofu ya upande wa pili. Hatuwalaumu, hofu hiyo hata sisi tuliijua.

Tulikwenda kwa sheikh tukamweleza yote bila kuficha. Alituambia haki ni ya kaka, na ami hamtangulii kaka maadamu kaka ana sifa za uwalii. Na mtu aliyetubu na kusimama juu ya toba yake hahesabiwi kwa jana yake. Akasema pia kwamba walii anaweza kumwakilisha mtu mwengine aozeshe kwa niaba yake akipenda, lakini iwe kwa ridhaa yake, si kwa kufichwa.

Kisha tukawaambia wakwe. Walikuja kina mama wanne. Mmoja wao alikiona kifaru akauliza kama wengine wote. Safari hii hatukujibu kwa mkato. Tulisema ni kazi ya kaka wa bi harusi, aliyekuwa akitumia unga, na leo ana miezi saba hajaugusa, na mara moja katikati aliteleza. Mama wa bwana harusi alinyamaza kwa muda, tukasikia feni inazunguka. Akaomba akishike. Akakigeuza huku na huku, akagusa turubai kwa ncha ya kidole, akasema, "Hii ni karatasi?" Tukasema ndiyo. Akakirudisha taratibu. Hakusema zaidi siku ile. Jibu lilikuja baada ya siku tisa: wameridhia, na kaka ndiye atakayeozesha.

Ndoa ni Mfungo Tatu, insha Allah. Gauni tunalishona wenyewe. Kaka atakaa mbele ya bwana harusi, atautoa mkono wake na kuushika wa mwenzake. Ami atakaa pembeni yake, na kaka ameshamwambia: kama siku ile nitakuwa si wa kusimama, wewe usimame, na mimi ndiye niliyekuomba. Hatuwadanganyi kwamba hatuna wasiwasi. Tunao, kila Magharibi.

Kama una kaka, mume au mtoto wa namna hii, hatusemi ununue kifaru. Inaweza kuwa jahazi, saa mbovu, redio, ususi wa miyaa. Lakini iwe kazi yenye vipande vingi, isiyokwisha kwa usiku mmoja, na inayotaka vidole vyote kumi. Kaa naye mezani, usimwachie kazi ukaenda zako. Gundi na thina viweke kwenye droo yenye ufunguo, na rangi ziwe za maji. Kazi ikikatika katikati, ifunike. Na wewe bi harusi, usiwaombe wenzako wamfiche ndugu yako siku yako. Sema kabla, sema wewe, sema kwa maneno machache. Atakayeondoka kwa sababu hiyo angeondoka siku nyengine.

Ewe Mola wetu, wape shifaa wagonjwa wetu wanaojulikana na waliofichwa, wathibitishe waliotubu, wape subira mama zao na dada zao, na uzibariki ndoa za mwaka huu. Amin.